Papa nyundo na kamti ka Sicily: daraja ni moja, hesabu ni mbili

Papa nyundo wako karibu kila bahari yenye maji ya joto, kuanzia hapa kwetu Kenya mpaka Australia mpaka Brazil, na hakuna mtu anaweza kukuambia wamebaki wangapi. Halafu kuna kamti fulani huko Sicily, kisiwa cha Italia, jina lake la sayansi ni Abies nebrodensis, ni wa ukoo mmoja na ile miti ya Krismasi ya Ulaya, na hako kamehesabiwa mmoja mmoja mpaka kakaisha: miti mikubwa imebaki kama 30 hivi. Yote ungeipanda kwa ploti ya fifty kwa hundred huko Ruiru na bado upate pa kuweka geti.

Sasa ukifungua Orodha Nyekundu ya IUCN (shirika la kimataifa la kuhifadhi mazingira), ile listi ya dunia nzima ya viumbe na hali yao, unakuta hawa wawili wamepewa daraja moja, hatarini kabisa kutoweka. Juu ya hapo kumebaki madaraja mawili tu, lile la kutoweka porini na lile la kutoweka kabisa. Mtu akiona hivyo ana haki ya kuuliza, kwani hawa watu wanahesabu aje? Samaki ako bahari tatu na mti uko mlima mmoja, wanapangwaje pamoja?

Swali hilo nimeliona likijibiwa ovyo na watu wa kila upande. Kuna wale wa "hiyo ya papa ni uongo, shuka Malindi ama Kipini uone venye wanashushwa kwa boti", na kuna wale wa "basi huo mti ndio wa kusaidiwa kwanza, papa bado wengi". Wote wanadhani listi inapima uchache. Haipimi uchache, inapima uwezekano wa kitu kuisha, na kuna njia kadhaa za kuisha ambazo hazifanani hata kidogo.

Historia kidogo kwanza, sitakaa hapo. Orodha yenyewe ilianza mwaka 1964, na kwa miaka kama thelathini ilikuwa inaenda kwa maoni ya wataalam, yaani mtu anayejua ndege fulani anakaa chini anasema huyu naona ako pabaya, wanamweka. Shida ya hiyo ni kwamba mtaalam wa vyura akiwa mwoga na mtaalam wa miti akiwa jasiri, listi inakuwa ya tabia za wataalam, sio ya viumbe. Mwaka 1991 mwanasayansi Mwingereza anaitwa Georgina Mace pamoja na mwenzake Russell Lande wakapendekeza tutumie namba, na 1994 IUCN wakapitisha vigezo vya namba, wakavirekebisha 2001, na hivyo vya 2001 ndivyo vinatumika mpaka leo.

Vigezo viko vitano, vinaitwa A, B, C, D na E, na hii ndiyo sehemu watu hawaambiwagi: kiumbe hakihitaji kufeli vyote. Kufeli kimoja tu kunatosha. Wanakipima kwa vyote vitano pale data ikiruhusu, kisha wanachukua ile daraja mbaya zaidi iliyotokea. Kwa hivyo viumbe wawili wanaweza kukaa daraja moja huku wakiwa wamefelia vigezo tofauti kabisa, na hiyo ndiyo kesi yetu.

Kigezo A kinauliza umepungua kwa kasi gani. Hakiulizi mko wangapi. Kama mmepungua kwa asilimia 80 au zaidi ndani ya vizazi vitatu (ama miaka 10, ile ndefu kati ya hizo mbili) na kinachowamaliza hakijakoma, mnaingia hatarini kabisa, hata kama mmebaki milioni. Asilimia 50 inakuweka daraja la chini yake, asilimia 30 la chini zaidi. Kigezo D nacho hakijali kasi. Kinauliza tu wazima wenye uwezo wa kuzaa wako wangapi leo, na wakiwa chini ya 50, imeisha hiyo, hatarini kabisa, hata kama hakuna mmoja amekufa kwa miaka mia. B inaangalia eneo, C inachanganya uchache na kupungua, E ni ya wale wenye modeli za kompyuta za kupiga hesabu ya uwezekano wa kuisha, na hiyo ni viumbe wachache sana wana data ya kuifikia, tuiache.

Papa nyundo ameingia kwa A. Mti wa Sicily umeingia kwa D. Basi, siri yote iko hapo, lakini ukiishia hapo hujaelewa kitu kwa sababu kila upande una mambo yake.

Tuanze na papa. Huyu ninayemzungumzia ni Sphyrna lewini, kuna aina kadhaa za papa nyundo na huyu unamjua kwa ule ukingo wa mbele wa kichwa una mikunjo mikunjo. Anafika kama mita nne. Kile kichwa sio urembo, kimejaa vitundu vidogo vya kuhisi umeme mdogo unaotoka kwa samaki waliojificha kwa mchanga, anapita juu ya mchanga akipapasa bila kugusa. Jike anazaa watoto hai, kuanzia 12 mpaka 41 kwa mimba moja, na mimba inakaribia mwaka. Ukisikia 41 unaweza kusema si hao ni wengi, lakini jike huyo huchukua miaka mingi, zaidi ya kumi, kabla hajaanza kuzaa, na watoto wanakuja kukulia karibu na ufuo, maji ya kina kifupi, mahali hapo hapo nyavu zetu ziko. Hapa Kenya Ghuba ya Ungwana, kule Tana inamwaga maji baharini, vitoto vya papa nyundo vinaingia kwa nyavu za meli za kuvua kamba (prawns) na za wavuvi wadogo, hakuna anayevitafuta, vinaingia tu.

Watafiti wamekadiria kizazi kimoja cha huyu papa ni kama miaka 24. Vizazi vitatu ni miaka 72. Kwa hivyo walipokaa kumpima, tathmini ikatoka 2019, walirudi nyuma miaka 72, yaani mpaka karibu mwisho wa vita vya pili vya dunia, kabla meli kubwa za uvuvi za viwandani hazijaenea, wakauliza kutoka wakati huo mpaka sasa amepungua kiasi gani duniani kote. Jibu likatoka zaidi ya asilimia 80.

Hapo mtu wa Nairobi mwenye akili timamu anauliza, nani alikuwa anahesabu papa mwaka wa arobaini na kitu? Hakuna. Ndio maana nasema ya papa ni makisio, tena makisio ya kuunganisha vipande. Vipande vizuri zaidi vimetoka mahali hungetarajia: nyavu za kulinda waogeleaji. Durban, Afrika Kusini, walianza kuweka nyavu za papa mwaka 1952, na Queensland, Australia, wakaanza 1962, na wote wamekuwa wakiandika wameshika nini, miaka nenda miaka rudi, kwa vifaa vinavyofanana. Nyavu hizo ziliwekwa kuua papa, sio kuwasoma, lakini yale madaftari yao ndiyo yamekuja kuwa ushahidi. Utafiti wa data ya Queensland uliotoka 2018 ulionyesha papa nyundo wanaoingia kwa vifaa hivyo wamepungua kwa kama asilimia 92 tangu miaka ya sitini. Ni pwani moja, sawa, sio dunia, lakini ukiweka hiyo na rekodi za uvuvi za bahari zingine, mstari unaenda chini karibu kila mahali palipopimwa.

Kwa hivyo mvuvi wa Kipini anayesema "mbona mimi nawaona" hasemi uongo. Anawaona kweli. Kitu kinaweza kupungua kwa asilimia 80 na bado kikawa kinaonekana kila wiki, hasa hawa ambao wana tabia ya kutembea kwa makundi makubwa, ukipata mmoja umepata hamsini. Na hiyo tabia ndiyo inawamaliza, maana wavu mmoja unabeba kundi. Ongeza kwamba lazima aogelee ndio apumue, akinaswa kwa ndoano ya meli ya jodari wengi hufa kabla hata kamba haijavutwa, kwa hivyo ile sheria ya "ukimshika mrudishe majini" inasaidia kwa papa wengine, kwa huyu mara nyingi unarudisha maiti. Na mapezi yake ni ya bei kwa soko la supu huko Hong Kong. Vitu vyote vibaya vimekutana kwa samaki mmoja.

Sasa twende Sicily. Abies nebrodensis unakaa kwa milima ya Madonie, kaskazini mwa kisiwa, karibu na mji unaitwa Polizzi Generosa, mwinuko wa kama mita 1,400 mpaka 1,650, ambayo ukiangalia ni chini kidogo ya Nairobi. Ni mti mfupi, mingi haifiki mita kumi, mizee, imekaa kwa mawe. Zamani ulikuwa msitu, watu wakakata mbao za kujengea nyumba na makanisa, mbuzi na ng'ombe wakala miche, mwanzoni mwa karne ya 20 ikadhaniwa umeisha kabisa. Halafu 1957 ikapatikana miti michache imebaki. Ile ile kama thelathini ndiyo iko mpaka leo.

Ona tofauti. Hapa hakuna makisio. Kila mti una namba yake, unajulikana ulipo, na imezungushiwa fensi kuzuia paa na nguruwe mwitu. Na tena haipungui sana! Miaka mingi sasa imebaki pale pale karibu 30. Ungeipima kwa kasi ya kupungua ya miongo ya juzi ungesema mbona huu mti uko shwari. Lakini kwa D ni chini ya 50 na mjadala umefungwa, kwa sababu 30 ni namba ambayo moto mmoja wa kiangazi, ama fangasi mmoja mpya, unaweza kuimaliza kwa wiki moja. Hakuna meli ya kulaumu, hakuna soko la Hong Kong. Hatari ya huu mti kubwa zaidi ni bahati mbaya.

Na jeni. Miti 30 iliyotawanyika kwa mteremko, chavua ya mti mmoja mara nyingi inarudi kwa mti huo huo ama kwa ndugu wa karibu, mbegu nyingi zinatoka tupu, hazioti. Halafu kuna shida ya kuudhi kidogo: watu kwa nia njema, ama kwa kutojua, walipanda aina zingine za Abies karibu na hapo, na aina hizi zinazaliana, kwa hivyo baadhi ya miche inayoota chini ya mti mama ni chotara. Unaweza kupoteza aina huku msitu unaonekana unaongezeka. Ndio maana siku hizi wataalam wanachukua chavua kwa mkono kutoka mti huu wanapelekea ule, wanapima jeni za miche kabla hawajaipanda, wana kitalu, wana akiba ya mbegu, na wamepanda miche maelfu milimani.

Sasa usidhani ile miche maelfu imetoa mti kwa listi. Kwa sheria za IUCN mti uliopandwa kurudishwa porini hauhesabiwi mzima mpaka na wenyewe uzae watoto wanaoweza kuishi. Huo ni mti wa kuchukua miongo kabla ya kuzaa koni. Kwa hivyo namba rasmi inabaki 30 na kitu hata kama mlima umeanza kuwa kijani, na mimi naona hiyo ni haki kabisa, sisi hapa tunajua vizuri tofauti ya miti iliyopandwa siku ya kamera na miti iliyopo miaka mitano baadaye.

Kuna namba moja inanichekesha kwa njia mbaya. Ukichukua papa wote na taa na jamaa zao, karibu aina 1,200, walio kwa madaraja ya hatari ni zaidi kidogo ya theluthi. Ukichukua miti yote inayozaa koni, kina paini, saipras, sida, podo, kama aina 600 hivi, walio hatarini ni karibu theluthi pia. Ndege, kwa kulinganisha, ni kama mmoja kwa wanane. Yaani kama makundi, samaki wa meno na mti wa Krismasi wako pabaya kwa kiwango kile kile karibu, na wote wanashare kitu kimoja hata kama hawajawahi kukutana: ni makundi ya zamani sana, yamepita majanga makubwa ya dunia, halafu wengi wao wanakua pole pole na kuzaa wakiwa wamechelewa. Kiumbe wa hivyo anavumilia vitu vingi. Asichovumilia ni kuvunwa haraka kuliko anavyorudisha.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni kudhani Orodha Nyekundu ni sheria. Sio sheria. Hakuna askari anakuja kwako kwa sababu umekula kitu kilichoandikwa hatarini kabisa. Papa mkavu, ng'onda, ni chakula cha pwani tangu zamani, na anayepika ng'onda wa nazi mara nyingi hata hajui ni papa gani, kwa sababu akishakatwa na kukaushwa na chumvi wote wanafanana. Sheria ya biashara ya nje ni CITES, mkataba mwingine kabisa, ambao 2013 kwa mkutano wa Bangkok ulimweka papa nyundo huyu kwa Kiambatisho cha pili, na ikaanza kufanya kazi 2014: ukitaka kuuza mapezi yake nje ya nchi lazima serikali yako itoe kibali na iwe imethibitisha biashara hiyo haimmalizi. Papa wa kula nyumbani haguswi na hiyo. Na mti wetu wa Sicily hauko kwa CITES kabisa, ukiwa umebaki 30, na hakuna kosa hapo, kwa sababu hakuna mtu anaununua. CITES inashughulikia kinachouzwa mpakani tu.

Na tena hesabu ya Orodha ni ya dunia, sio ya kwenu. Mutarakwa, ile sida yetu ambayo imejenga fensi za nusu ya Kenya, kwa listi ya dunia uko salama, daraja la chini kabisa, kwa sababu unapatikana kuanzia Uarabuni mpaka kusini huku Malawi. Lakini muulize mzee wa Nyandarua ama wa Mau kama hiyo miti iko kama zamani. Kitu kinaweza kuisha kwenu na kisiishe duniani, na listi haitasema neno. Ndugu yake kwa mbali, sida wa Mlima Mulanje ambao ndio mti wa taifa wa Malawi, uko mlima mmoja tu kwa hivyo ukiisha kwao umeisha, na ndio huo uko hatarini kabisa.

Kwa hivyo ukisoma mahali "spishi fulani hatarini kabisa kutoweka", usiishie kwa hayo maneno. Kwa ukurasa wa kila kiumbe, kando ya daraja, wanaandika herufi za kigezo. Za papa nyundo ni A2bd, na hiyo d ni ya kuvuliwa. Za mti wa Sicily ni D. Hizo herufi ndizo zinakuambia kazi ni ipi. A yenye uvuvi ndani yake inamaanisha punguza kuvua, basi, huwezi kuzalisha papa nyundo kwa kitalu ukamwaga baharini. D inamaanisha ongeza idadi, tandaza mahali pengi, linda kila mmoja. Ukibadilisha dawa hizo utapoteza miaka na pesa.

Na kuna shimo moja ndani ya kigezo A ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Ile miaka 72 ni dirisha linalotembea. Leo linaanzia wakati bahari ilikuwa bado na papa wengi. Lakini tuseme kuanzia sasa papa nyundo wasiongezeke wala wasipungue, wabaki hapo hapo chini walipo. Ukifika mwaka 2090, dirisha litaanzia karibu 2018, wakati tayari walikuwa wachache, na ukipima kutoka wachache mpaka wachache utapata hawajapungua kitu. Ikipita miaka mitano bila kipimo kufikia asilimia 80, daraja linashushwa. Papa anaweza kutoka hatarini kabisa bila hata papa mmoja kuongezeka baharini, na gazeti la siku hiyo litaandika habari njema.

Mti wa Sicily hauwezi kucheza huo mchezo. Kutoka kwa D lazima ipatikane miti hamsini mizima inayozaa, imesimama mlimani, mtu akaihesabu. IUCN wenyewe shida hiyo ya dirisha wanaijua, ndio maana kuanzia 2021 wameanza kutoa kipimo cha pili cha kuandamana na Orodha Nyekundu, kinachoangalia kiumbe kimerudi kiasi gani kulinganisha na venye kilikuwa kabla binadamu hajakiingilia. Viumbe waliopimwa hivyo bado ni wachache sana ukilinganisha na wale zaidi ya 160,000 walio kwa Orodha yenyewe, kwa hivyo kwa sasa ukitaka kujua papa amepona ama dirisha ndilo limesonga, itabidi ufungue tathmini ya zamani na mpya uziweke kando kando, uangalie mwaka wa kuanzia.